Mwaka Niliowabonyeza Watu kwa Kidole Gumba

Tulipomzika mama mkwe wangu kule Sironga, kila aliyepewa nafasi ya kusema alizungumzia mikono yake. Alikuwa mkunga, na mikono hiyo ilikuwa imewapokea watoto wa karibu nusu ya kijiji. Hata mchungaji aliyeongoza ibada alikiri kwamba yeye mwenyewe alipitia humo humo. Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha matanga chenye adabu. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki ambacho binti yangu Kerubo alikuwa amekiwekea mito miwili, na katika miaka yote niliyoishi na mama yule nilikuwa nikiwaza mmoja tu. Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwaka niliobeba mimba ya huyo Kerubo na kumzaa, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mwaka huo mama mkwe aliamua kunichukulia mtoto, kisha mchana mmoja akaghairi bila kunieleza sababu. Nilimuuliza mara nyingi, na kila mara alinijibu kwamba siku hiyo jua lilikuwa kali na Suneka ni mbali. Sasa ameondoka na jibu lake, nilijisemea, na jambo hilo lilinikera kuliko inavyofaa mtu kukereka mazishini.

Maumivu yalianza mimba ikiwa na miezi miwili au mitatu. Nilikuwa nikiamka asubuhi nimechoka kama mtu aliyeshinda akibeba magunia ya pareto, na hali nilikuwa nimelala tangu saa mbili usiku. Shingo iliuma, mabega, nyonga, upande wa ndani wa magoti, na zaidi ya yote viwiko. Kesho yake yalihama, au yalipungua upande mmoja na kuongezeka mwingine, hata nikashindwa kumwambia mtu panaponiuma kwa sababu nilipomaliza kueleza palikuwa pameshabadilika. Kulikuwa na siku ambapo hata mshono wa gauni begani ulinichoma. Nilikuwa nikifundisha darasa la pili katika shule ya msingi iliyokuwa karibu, bila mafunzo ya ualimu, kama wengi wakati ule, na nilianza kusahau majina ya watoto niliokuwa nao tangu mwanzo wa mwaka. Nilisimama mbele yao na chaki mkononi, nikijua nilitaka kuandika neno, nisijue lipi. Watoto walingoja kwa uvumilivu. Mmoja aliniuliza kama mwalimu anaomba.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, ya bati, kuta zake zimekandikwa udongo na kupakwa chokaa upande wa mbele tu kwa sababu chokaa iliisha. Mume wangu, Ombati, alikuwa karani katika ofisi ya serikali Nyamira. Aliondoka na baiskeli asubuhi, akarudi jioni. Hatua thelathini juu yetu ilikuwa nyumba ya mama yake, ya mviringo na nyasi, na ndani yake moto haukuzimika isipokuwa siku ya Sabato. Yeye alikuwa mjane, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Kila kilichosemwa jikoni mwake nilikisikia nikiwa kitandani kwangu, kwa kuwa dirisha langu lilitazama mlango wake na wanawake waliokuja kwake hawakujua kunong'ona. Tulizungumza Ekegusii, bila shaka. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha sokoni. Maneno yao nayaandika hapa kama ninavyoyakumbuka, na nayakumbuka vizuri kupita kiasi.

Jambo la kwanza lililoniharibia jina lilikuwa salamu. Sisi ni Wasabato, na kwetu ibada ikimalizika watu hutoka kwa mstari, kila anayetoka akiwasalimia kwa mkono wote waliotangulia, kisha akasimama mwisho wa mstari ili naye asalimiwe. Ni desturi nzuri kwa mtu mwenye mikono mizima. Mikono ya wakulima hawa ilishika kwa furaha na kutikisa mpaka begani, na nilipofika mkono wa kumi nilikuwa nikiona nyota. Baada ya Sabato tatu nikaanza kupitia mlango mdogo wa nyuma, ule wa wanakwaya, nikaenda kusimama peke yangu nyuma ya kanisa. Sikujua kwamba nilikuwa nimewatukana watu wote kwa pamoja. Kufikia Sabato iliyofuata ilikuwa inajulikana mpaka ng'ambo ya mto kwamba mke wa Ombati amesoma sana, mkono wake haugusi wa mtu mwenye udongo kwenye kucha.

La pili lilikuwa baya zaidi. Wanawake wa majirani walikuwa na egesangio, chama chao cha kulimiana kwa zamu: leo wote shambani kwako, kesho kwangu, kila mtu na kipande chake, na mwenye shamba anapika uji. Asiyekwenda kwa wenzake, shamba lake hurukwa, na kila apitaye njiani huliona lilivyorukwa. Mama mkwe alikuwa ameondolewa kazi hiyo kwa umri wake na ukunga wake, kwa hiyo nafasi ya boma letu ilikuwa yangu. Msimu ule ilikuwa kupalilia wimbi. Wimbi hupaliliwa kwa mkono, umechutama, ukichagua jani moja moja kwa sababu gugu na wimbi changa hufanana kama mapacha. Nilipopata mapumziko ya shule nilikwenda kama wengine, na nilipalilia haraka kuliko baadhi yao, maana nina kiburi. Siku ile ile nilikuwa mzima. Siku ya pili yake sikuweza kujigeuza kitandani. Basi wao waliniona shambani nikicheka, wakaniona Sabato nikitembea, na siku ya katikati, ambayo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kweli, hakuna aliyeiona.

Ndipo nikasikia kwa dirisha langu sauti ya Bosibori, aliyekuwa kiongozi wa chama hicho. "Mwalimu akiona jembe anaugua," alisema. "Akiona sinia ya viazi amepona." Wakacheka sana, na mimi pia, nikiwa nimelala pale, karibu nicheke, kwa kuwa siku mbili kabla nilikuwa nimekula viazi vyake vitano. Mwingine akasema Ombati bado kijana, nyumba moja haitamtosha, na mama yake afadhali aanze kutazama. Nilingoja kumsikia mama mkwe akijibu. Nilisikia tu akivunja kuni. Kimya chake kiliniumiza kuliko maneno yao, nasema wazi, na tangu siku hiyo nikaanza kuogopa.

Lakini mimi ni mtu wa kuuliza, na hofu haijawahi kuniondolea tabia hiyo. Nilitaka kujua jambo moja: je, watu wote huumia hivi na mimi ndiye mlalamishi, au ni mimi tu? Nilikuwa nimegundua kwamba nikijibonyeza kwa kidole gumba mahali fulani, upande wa ndani wa kiwiko kwa mfano, machozi yalinitoka. Basi nikaamua kuwabonyeza watu. Nilianza na Ombati alipokuwa akila ugali na mboga ya chinsaga. Nilimbonyeza kiwiko kwa nguvu zangu zote. Alihamisha tonge kwenda mkono wa pili, akaendelea kula. Niliwabonyeza watoto wa darasa la pili shingoni kwa kisingizio cha kukagua usafi. Walifurahi wakaomba tena. Nilimbonyeza muuza chumvi. Nilimbonyeza hata Bosibori, begani, nikijifanya naondoa mdudu. Hakuna aliyeshtuka. Kila nilipompata mtu mwingine asiyeumia nilishangaa zaidi, na nikiri kwamba kulikuwa na utamu fulani katika kushangaa huko, kama mtu anayekaribia kufungua kisanduku.

Mwisho nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya maharagwe.

"Mama, naomba mkono wako."

"Wa nini?"

"Nataka kukubonyeza nione kama unaumia."

Alinitazama, akajifuta vidole kwenye leso, akaninyooshea mkono. Nikabonyeza.

"Basi?" akauliza.

"Huumii?"

"Niumie nini? Ni kidole tu. Wewe unaumia hapo?"

"Sana."

"Na hapa?" Aliweka kidole katikati ya mkono wangu, kati ya kiwiko na kiganja.

"Hapo hapana."

Aliniuliza pengine pote: shingo, kifua, nyonga, goti, paji la uso. Nilimwambia panapouma na pasipouma. Alisikiliza kwa makini kama anavyomsikiliza mwanamke anayeeleza mtoto amelalaje tumboni, kisha akarudi kwenye maharagwe yake. "Nimeshika wanawake wengi," alisema. "Sijaona ugonjwa unaochagua mahali namna hii." Nilichukulia kwamba ananisuta, nikaondoka.

Hospitalini mjini Kisii daktari alikuwa mgeni, na muuguzi aliyetafsiri alikuwa na haraka. Walinipima damu, wakanipima mkojo, wakasikiliza moyo wa mtoto. "Daktari anasema wewe mzima kabisa," muuguzi aliniambia kwa Kiswahili, "mwili haina kitu. Punguza mawazo." Ombati alifurahi njia nzima. Sikumlaumu, nani asingefurahi kuambiwa mkewe hana kitu? Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kabla daktari mwingine, kijana wa rika la wanangu, kunilaza kwenye kitanda cha mpira na kuanza kunibonyeza kwa kidole gumba. Nilimwambia mahali pa kubonyeza kabla hajafika. Aliacha, akaniuliza nani amenifundisha. Ndiye aliyenipa jina la kitu hiki, fibromialgia, akanieleza kwamba damu haikionyeshi wala picha, na kwamba mimba na uzazi vinaweza kukichochea. Nilirudi nyumbani nikilitamka jina hilo peke yangu garini kama mtoto aliyepewa neno jipya. Halikupunguza maumivu hata kidogo, lakini nililipenda.

Mimba ilipofika mwezi wa tano, nikapona. Sijui kwa nini. Hata yule daktari hakujua vizuri. Kwa wiki kama kumi nililala na nikaamka nimelala kweli. Niliwasalimia watu wote mstarini, nikachota maji, nikalima, na kila jembe nililoinua lilikuwa ushahidi kwamba mwanzoni nilikuwa nikidanganya. Kisha mwezi wa nane yakarudi yote. Bosibori hakuhitaji hata kusema neno.

Kerubo alizaliwa nyumbani kwa mama mkwe, alasiri ya mvua, nyasi za paa zikinyonya maji na moshi ukitushukia. Nilikuwa nimeogopa sana siku hiyo, na hapo nilipata jambo la kushangaza kuliko yote. Uchungu wa kuzaa ulikuwa na adabu. Ulikuja, ukafanya kazi yake, ukaondoka, ukaniacha nipumue, ukarudi ulipotakiwa. Nilijua ulipo. "Mama," nilisema katikati ya kimya kimoja, "haya ni afadhali kuliko yale mengine." Mikono yake ikasimama. Alinitazama usoni kwa muda, kisha akaniambia nisukume.

Nilikula vizuri majuma yaliyofuata: uji wa wimbi wa moto, supu, mboga za enderema zilizopikwa kwa maziwa. Nilinenepa, watu wakanisifu. Halafu mwili ukaanguka kwa mara nyingine, na safari hii nilikuwa na mtoto. Fundo la leso ya kumbebea lilinikaa juu ya kifua kama jiwe la moto. Mtoto wa miezi mitatu si mzigo, lakini nikimshika kwa muda wa kunyonya titi moja vidole vilikufa ganzi. Nikatafuta njia. Nilishona gunia dogo nikalijaza maganda ya maharagwe, nikawa namlaza juu yake pembeni yangu, nami ninalala ubavu, ananyonya bila mkono wangu kumbeba. Nilijifunza kumvalisha kwa kumviringisha mkekani badala ya kumwinua, naye alidhani ni mchezo. Nilijivunia uvumbuzi wangu. Nikaanza kuamini tutaweza.

Kisha asubuhi moja nilikuwa nikimwosha kwenye karai mlangoni, na mikono ikaniachia. Hakuanguka mbali. Aliteleza tu kutoka kwenye vidole vyangu, kichwa kikaingia majini, na kabla sijapata nguvu za kumshika tena mkono mrefu ukapita mbele yangu ukamtoa. Mama mkwe alikuwa akipita na kuni. Kerubo alikohoa, akalia, akanyamaza. Mama mkwe hakunifokea. Alimfuta mtoto, akamfunika, akasema: "Leo ni maji, kesho utakuwa moto."

Jioni alizungumza na Ombati mbele yangu. Dada yake Ombati, Moraa, alikuwa ameolewa Suneka miaka minane bila kupata mtoto. Mtoto atapelekwa kwake Jumapili. Moraa ana ng'ombe wa maziwa na ana mikono. Mimi nitapumzika, nitakwenda kumwona, na akikua atajua mimi ni nani. Hakusema kwa ubaya. Kwetu haikuwa ajabu mtoto kulelewa na shangazi. Ombati alitazama taa. "Mama anajua," aliniambia baadaye, na nilijua kwamba kwake jambo limekwisha. Nilimpenda Moraa, hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu sikuweza hata kumwombea mtoto wangu asipate mahali pazuri. Nilimchukia mama mkwe kwa siku nne. Nilimnyonyesha Kerubo hata asipotaka.

Jumapili sikuwa nimelala kwa siku mbili. Baada ya chakula cha mchana nilijilaza karibu na mtoto nikijiambia sitafumba macho, nikafumba. Nilipoamka mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na kitanda. Alikuwa amevaa nguo zake za safari. Kikapu chenye nguo za mtoto kilikuwa mlangoni, na mtoto alikuwa mapajani pake, macho yake wazi. Sijui alikuwa amekaa hapo kwa muda gani. Alikuwa akinitazama kama ambavyo hajawahi kunitazama.

"Mtoto ana njaa," alisema.

Akamlaza juu ya lile gunia langu la maganda, akamsogeza vizuri mpaka akashika titi. Kisha akakiinua kikapu, akatoa nguo moja moja, akazikunja upya, akazirudisha kwenye sanduku. Akatoka. Nilingoja arudi na Ombati, au na leso ya kumbebea. Hakurudi.

Kesho yake ilikuwa zamu ya shamba la Bosibori. Nilimwona mama mkwe kwa dirisha akichukua jembe langu, langu hasa, lenye mpini mfupi. Jirani aliyekuwepo alinisimulia. Alifika, akasimama kwenye kipande changu, mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wao angethubutu kumwomba alime, kwa kuwa alikuwa amewazalisha karibu wote. "Nimekuja mahali pa Kemunto," alisema, akilitaja jina langu. "Mwenye neno juu ya Kemunto aniambie mimi." Akainama. Walilima kimya mpaka uji ulipokuja. Alikwenda kila zamu mpaka msimu ukaisha, na uliofuata pia, na shamba langu halikurukwa kamwe. Jioni alikuja kwangu, akamwosha Kerubo mwenyewe, akaondoka. Na nilipomuuliza, jua lilikuwa kali na Suneka ni mbali.

Miaka yote nilidhani alinionea huruma. Nilishukuru, lakini huruma ilikuwa imenikinaisha. Nilikuwa nimeonewa huruma na watu wasioamini neno langu hata moja.

Baada ya mazishi niliingia nyumbani kwa mama mkwe kupumzika, na Moraa akanifuata na mkongojo wake. Hakupata mtoto kamwe, Moraa. Alikaa karibu nami, akaniuliza kama bado naumwa. Nilimwambia bado. Nikamwambia pia, nusu kwa mzaha, kwamba mama ameondoka bila kunijibu kwa nini siku ile hakumpeleka Kerubo kwake.

"Hukuambiwa?" alisema. "Alinifanya niape. Lakini sasa amekwenda, ninaogopa nini?" Aliuegemeza mkongojo ukutani. "Nilikuwa nimeshanunua chupa ya maziwa, Kemunto. Nilikuwa na hasira na wewe miaka mingi. Hiyo nayo ilinisaidia kunyamaza."

"Wifi, niambie."

"Alikuja kumchukua mtoto, akakukuta umelala. Akawaza kwamba mtu anaweza kuigiza akiwa macho, lakini akilala hawezi. Akakubonyeza. Mahali ulipomwambia panauma, ukalia usingizini. Akakubonyeza mahali ulipomwambia hapaumi, ukanyamaza. Akarudia. Alisema alirudia mara nyingi, kwa sababu hakutaka kuamini, maana akiamini atajua ni makosa kiasi gani amekufanyia. Alikuja Suneka wiki ile kuniambia. 'Mtoto haji,' alisema. 'Mama yake hasemi uongo.'"

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza.

"Alisema mke wa mwanawe akijua aliguswa akiwa amelala, hatalala tena bomani mwake." Moraa alicheka kwa huzuni. "Na unamjua. Kuomba msamaha hakuweza. Kulima aliweza."

"Alinibonyeza wapi?"

"Alinionyesha. Hapa," akasema Moraa, na kabla hajakumbuka anayemgusa ni nani, akaweka kidole gumba upande wa ndani wa kiwiko changu, akabonyeza.

Nililia kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakiosha sufuria nje walikimbilia mlangoni, wakanikuta nimeshika mkono, machozi yananitiririka. "Pole, mama Kerubo," walisema, wakinizunguka. "Lia tu. Alikuwa mama kweli kweli." Moraa alifungua kinywa kuwaeleza. Nikamfinya anyamaze, nikaendelea kulia.